Hazina za Kiswahili zi wazi mtandaoni, ila mlangoni pameandikwa jina la Mzungu

Mwaka 1854, mmishonari Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekuwa ameishi Mombasa na Rabai kwa karibu mwongo mmoja, aliipelekea maktaba ya Jumuiya ya Wajerumani ya Taaluma za Mashariki kule Halle miswada kadhaa ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mmoja kati yake ulikuwa ule tunaouita leo Utenzi wa Tambuka, ambao jina lake jingine ni Chuo cha Herkali. Chuo, kwa Kiswahili cha enzi hizo, ni kitabu; ndiyo maana mtoto aliyepelekwa chuoni alipelekwa penye vitabu. Chuo kikuu cha leo kimelirithi jina hilo, ingawa vitabu vyenyewe wakati mwingine kimevisahau.

Miswada ile haikurudi pwani, wala haikuwa ya mwisho kuondoka. William Ernest Taylor, mmishonari Mwingereza aliyefika Afrika Mashariki katika miaka ya 1880, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa papo hapo Mombasa, ambaye ndiye hasa aliyeyatafuta mashairi hayo kwa waliokuwa bado wakiyakumbuka na kumfafanulia Mzungu maana zake. Karatasi za Taylor zimeishia katika maktaba ya SOAS, chuo cha London kilichoanzishwa mwaka 1916. Muyaka alifariki mnamo 1840. Diwani yake ikachapishwa miaka 100 baadaye, mwaka 1940, na William Hichens, tena kupitia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Mkenya alisubiri hadi 1979 ndipo Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alipotuletea kitabu chake kuhusu Muyaka, kilichochapishwa hapa Nairobi.

Ninaanza na historia hii kwa sababu mwalimu wa Kiswahili wa leo, awe Kakamega au Kitui, anaweza kuisoma sehemu kubwa ya mali iliyosafiri namna hiyo akiwa na simu yake mkononi, bila kulipa chochote isipokuwa bando ya intaneti. Na wengi hawana habari.

Katika semina za walimu na kumbi za mihadhara nimezoea kusikia lalama moja: vitabu vya marejeleo havipatikani. Mwanafunzi wa uzamili atawataja Krapf, Steere, Taylor na Stigand katika tasnifu yake kwa kuwanukuu watu walionukuu watu wengine. "Krapf (1882), kama anavyonukuliwa na fulani..." Sasa nani hasa aliyemsoma Krapf mwenyewe? Nimesahihisha tasnifu za aina hii kwa miaka mingi na naweza kusema bila kusita kwamba kosa la tahajia lililofanywa na mnukuzi wa kwanza husafiri salama salimini hadi kwa mnukuzi wa kumi.

Lalama yenyewe, hata hivyo, ina mizizi. Maktaba ya McMillan, jengo lile la nguzo nyeupe katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika aliyejua kusoma aliweza kuipita mlangoni kila siku kwa zaidi ya miaka 20 asiruhusiwe kukanyaga ndani. Ni mwaka 1962 tu, uhuru ukiwa unabisha hodi, ambapo Baraza la Jiji la Nairobi liliichukua. Kwa wasomaji Waafrika, East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, iliwaazimisha vitabu kwa masanduku na kwa posta. Kisha Sheria ya Bunge ya mwaka 1965 ikazaa Huduma ya Maktaba za Kitaifa za Kenya, ambayo kuanzia 1996 ilianza kuwabebesha ngamia vitabu huko Garissa ili wanafunzi wa jamii za wafugaji wafikiwe walipo. Wageni hupenda sana kuwapiga picha wale ngamia. Mimi huwaona kama ushahidi wa jambo jingine: katika nchi hii kitabu kimekuwa kitu cha kufuatwa mbali, au cha kuletwa kwa taabu. Tabia ya kutokwenda kutafuta, kwa kuwa umeshajua hakipo, hujengeka vizazi kwa vizazi.

Hapa ndipo intaneti inapoingia. Mnamo Julai 4, 1971, kijana Michael Hart wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliingiza katika tarakilishi ya chuo matini ya Azimio la Uhuru wa Marekani na kuwapa wengine waisome. Hiyo ndiyo asili ya Project Gutenberg, maktaba ya kidijitali yenye umri mkubwa kuliko zote. Mwaka 1996 Brewster Kahle alianzisha Internet Archive kule San Francisco. Mwaka 2004 kampuni ya Google ikatangaza kwamba ingepiga picha vitabu vya maktaba kubwa kubwa, zikiwemo za Harvard, Stanford, Michigan na Oxford, ukurasa kwa ukurasa.

Hakuna hata mmoja wa hao aliyekuwa akifikiria Kiswahili. Walizoa rafu nzima nzima za vitabu ambavyo muda wake wa hakimiliki ulikuwa umekwisha, na katika rafu hizo ndimo vilimokuwamo vitabu vya wamishonari na maafisa wa kikoloni walioandika kuhusu lugha yetu. (Kwa sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 zaidi kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Krapf alifariki 1881, Steere 1882, Stigand 1919 na Taylor 1927. Hakuna polisi atakayekujia kwa kuwapakua.)

Basi kuna nini humo? Hebu tuchukue Internet Archive peke yake. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 imo, yenye Kimvita cha karne ya 19 ambacho usanifishaji ulikipiga kumbo ulipokichagua Kiunguja. Ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870 zimo, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Imo mikusanyiko ya methali ya Taylor ya 1891, kamusi ya Madan ya 1903, na kitabu cha Stigand cha 1915 kuhusu lahaja za Kiswahili, ambacho ndani yake mna Inkishafi kama ilivyohaririwa na Taylor. Mwalimu anayefundisha lahaja kwa kutegemea orodha ya majina tu, Kiamu, Kipate, Kisiu, Kitikuu, angefungua Stigand angeona mifano hai iliyokusanywa na mtu aliyekuwa amezunguka huko miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Kilichonifurahisha zaidi mimi ni Safari za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1901 chini ya jina la Carl Velten. Humo, pamoja na safari nyinginezo, Salim bin Abakari anasimulia kwa Kiswahili safari aliyoifanya Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani aliyekuwa amemwajiri. Mswahili wa karne ya 19, barafuni Siberia, anaeleza kwa lugha yake namna watu wa huko wanavyoishi! Tunawafundisha watoto wetu kwamba Wazungu ndio waliosafiri wakatuandika. Hii hapa ni insha ya mtu wetu aliyesafiri akawaandika wao. Ingesomwa na wanafunzi wa sekondari wakashindwa kuinuka vitini.

Lakini jaribu kuitafuta. Ukiandika "Salim bin Abakari" katika kisanduku cha utafutaji, kuna uwezekano mkubwa utatoka mikono mitupu. Andika "Velten" na kitabu hicho kinajitokeza. Ndivyo ilivyo pia kwa Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903. Mwandishi wake mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi kutoka Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akafia huko mwaka 1927. Katika orodha nyingi za maktaba kitabu kimeandikwa jina la Velten, ambaye ndiye aliyekihariri. Ukimtaka Muyaka, mtafute Hichens. Ukitaka kujua alichokifanya Mwalimu Sikujua, pitia kwa Taylor. Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, utampata kwa Heinrich Brode, aliyeyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903.

Hili si jambo la kiufundi tu. Mkutubi wa Ulaya wa mwaka 1903 aliandika kwenye kadi yake jina la yule aliyemtambua kuwa mwandishi, na mhariri Mzungu ndiye aliyekuwa na hadhi hiyo. Kadi zile zilipogeuzwa kuwa data, upendeleo ule uligeuzwa pamoja nazo. Mashine ya leo inatii uamuzi wa karani aliyekufa zamani. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili aliyefundishwa, kwa haki kabisa, kumthamini Mtoro kuliko Velten ndiye anayekosa kukipata kitabu cha Mtoro.

Aidha, tahajia nayo ni kizingiti. Anayetafuta "Swahili" pekee atapitwa na mengi. Kitabu cha sarufi alichokitoa Krapf mwaka 1850 kinaiita lugha hii Kisuaheli. Kamusi yake ya 1882 inaiita Suahili. Wajerumani waliandika Suaheli. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako ajaribu zote tatu, tena moja moja. Jarida la jumuiya ile ya Halle, iliyopelekewa miswada na Krapf, limewekwa mtandaoni bila malipo na maktaba ya Chuo Kikuu cha Halle, na anayejikaza na Kijerumani kidogo atavuna humo.

Kuhusu miswada yenyewe ya hati za Kiarabu, hali imekuwa bora kuliko tulivyozoea kudhani. SOAS iliorodhesha miswada yake ya Kiswahili kwa ufadhili wa Leverhulme Trust na kuiweka sehemu yake mtandaoni kwa picha. Miongoni mwake ni makusanyo ya Taylor na Hichens, pamoja na ya Yahya Ali Omar, mwanazuoni wa Mombasa aliyefundisha chuoni hapo. Nao mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, umepiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Mpango huu una sharti ninalolipenda: nakala asilia hazihamishwi nchi. Krapf aliondoka na karatasi. Hawa waliondoka na picha.

Nigeukie sasa maandishi ya karibuni, kwani mwalimu hawezi kuishi kwa Krapf peke yake. Jarida lililoanza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na ambalo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa linaitwa leo Kiswahili, linapatikana katika tovuti ya majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Swahili Forum, lililoanzia Cologne mwaka 1994, ni la kusomwa na yeyote, kuanzia toleo la kwanza. African Journals Online, wengi huliita AJOL, lilianzishwa mwaka 1998 na tangu 2005 linaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Humo yamo majarida ya Kiafrika ya fani zote, mengi yakiwa wazi kabisa. JSTOR, hifadhidata ya Marekani iliyoanza 1995 na ambayo wengi huidhania kuwa ya matajiri, tangu 2020 humruhusu mtu binafsi aliyejisajili kusoma hadi makala 100 kwa mwezi bila malipo. Makala 100! Sijui mwalimu mwenye vipindi 27 kwa wiki atazimaliza vipi.

Vyuo vyetu wenyewe navyo vina hazina. Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Kenyatta vimeweka tasnifu za wanafunzi wao mtandaoni, zikiwemo zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi akinijia na pendekezo la kuchunguza matumizi ya taswira katika riwaya fulani inayotahiniwa, swali langu la kwanza ni kama ameziangalia. Mara nyingi hajaziangalia, na mara nyingi mada yake imekwisha kufanywa, tena zaidi ya mara moja. Huo ni mwaka mzima wa karo ya mzazi unaoweza kuokolewa kwa alasiri moja. Kwa walimu wa shule za msingi kuna African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014 na ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio. Hadithi zake ziko kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za mama, na leseni yake inamruhusu mwalimu kuzichapa, kuzitafsiri, hata kuzibadilisha ziendane na darasa lake.

Je, kwa nini basi hazitumiki? Bei ya bando ni sababu ya kweli na sitaipuuza. Kitabu kizima kilichopigwa picha kinaweza kumaliza data ya siku mbili. Sababu ya pili ni nywila. Vyuo vingi hulipia hifadhidata kwa pamoja na humpa mwanafunzi ufunguo wa kuingilia, lakini siku anayohitimu ufunguo hufungwa. Mwalimu mpya anayepangiwa shule mashambani huondoka akiamini kwamba mlango wote umefungwa, na hali uliofungwa ni ule wa kulipia tu. Hakuna aliyemwambia, alipokuwa bado chuoni, upi ni upi. Hapa nawalaumu wahadhiri wenzangu waziwazi: tunatoa orodha ndefu za marejeleo bila kuonyesha ni lipi linapatikana bure na wapi.

Sababu ya tatu ni ya kilugha, na safu hii ni ya lugha, kwa hiyo niruhusiwe. Neno bure kwa Kiswahili lina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Nimewasikia watu wazima wakisema kwamba kitu cha maana hakiwezi kuwa cha bure, kana kwamba maana ya pili imeimeza ya kwanza. Neno hifadhidata halisaidii sana. Kwa masikio ya wengi ni jambo la wataalamu wa tarakilishi. Kuna wanaopendelea kanzidata, na binafsi nawaunga mkono, kwa kuwa kanzi ni hazina. Darasani mimi husema tu maktaba ya mtandaoni na kila mtu hunielewa.

Tahadhari moja ningependa isisitizwe. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni walishambulia mifumo ya Maktaba ya Uingereza, na picha za miswada mingi, zikiwemo za mpango ule uliofika Lamu, hazikuweza kufikiwa kwa miezi mingi. Oktoba 2024 ikawa zamu ya Internet Archive, iliyozimika kwa siku kadhaa. Mwalimu asitegemee kwamba kiungo alichokipata leo kitafunguka mwezi wa mitihani. Vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha na tasnifu zilizo wazi vipakuliwe na viwekwe kwenye tarakilishi ya shule au hata kwenye kidude cha flashi cha idara, kisha vigawiwe kwa bluetooth, ambayo haili bando. Shule yenye simu moja nzuri na mwalimu mmoja mwenye subira inaweza kujenga rafu ya vitabu 50 kwa muhula mmoja.

Atakayeuliza aanzie wapi, nampendekezea Safari za Wasuaheli. Atafute "Velten 1901", apakue, aende moja kwa moja kwenye safari ya Siberia, na awaachie wanafunzi kazi ya kulinganisha tahajia ya Salim, au tuseme ya Velten, na tahajia tunayowafundisha. Pembezoni mwa zoezi hilo waandike jina la mwandishi kama wanavyodhani lilipaswa kuandikwa kwenye orodha ya maktaba.